Walimu, ubongo na beji za herufi

Miongoni mwa imani potofu kuhusu ubongo zilizoenea shuleni, ile ya kwamba binadamu hutumia asilimia 10 tu ya ubongo wake hainisumbui sana, maana kiungo chenye takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili na kinachokula karibu asilimia 20 ya nishati yake hakiwezi kuwa kimelala. Inayonikera ni ile isemayo kwamba kila mtoto ana mtindo wake wa kujifunza, wa kuona, wa kusikia au wa kutenda, na kwamba asipofundishwa kwa mtindo huo haelewi vizuri.

Mwaka 2012 Sanne Dekker na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha walimu 242 wa Uingereza na Uholanzi, na katika kila nchi zaidi ya asilimia 90 waliikubali dhana hiyo. La kushangaza zaidi, walimu wenye maarifa mengi ya jumla kuhusu ubongo ndio walioelekea kushikilia imani potofu nyingi zaidi. Kwa hiyo wanaowabeza walimu kwamba hawasomi wamekosea, kwani wenye ari ndio wanaonunua vitabu na kuhudhuria semina, na huko ndiko wanakouziwa sayansi na uzushi kwa bei moja.

Ni kweli kwamba watu hupendelea njia tofauti za kupokea habari. Hata hivyo, Harold Pashler na wenzake walipozipitia tafiti mwaka 2008 hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba kumfundisha mtu kwa njia aipendayo humfanya ajifunze zaidi. Binafsi naona kinachoamua njia ni somo lenyewe: pembetatu sharti ichorwe na matamshi ya Kifaransa sharti yasikike, mwanafunzi awe nani.

Katika baadhi ya shule za Uingereza watoto waliwahi hata kuvishwa beji zenye herufi V, A au K, yaani za Kiingereza za kuona, kusikia na kutenda. Mtoto aliyebandikwa K amepewa na watu wazima sababu ya kukikwepa kitabu, na mwalimu wake amepewa sababu ya kutomsukuma.

Habari ya watu wa ubongo wa kushoto na wa kulia, yaani dai kwamba kila mtu hutawaliwa na upande mmoja wa ubongo, nayo ilitiwa chumvi kutoka kwenye kazi halisi, ile iliyompa Roger Sperry Tuzo ya Nobel mwaka 1981, ambayo ilihusu wagonjwa waliokatwa nyuzi zinazounganisha pande mbili za ubongo. Wanafunzi wetu hawajakatwa chochote.

Lawama nazielekeza kwa wauzaji wa programu za kufundishia zilizojengwa juu ya imani hizi na kwa vyuo vinavyomhitimisha mwalimu bila kumfundisha kupima madai ya kitafiti. Mkuu wa shule anayeletewa programu ya namna hiyo adai, kabla ya kulipa, aonyeshwe jaribio lililolinganisha watoto walioitumia na wasioitumia.