Gari Haliogelei

Kundi letu la WhatsApp lilipofunguliwa liliitwa "Zenji Disemba". Hatukuandika Disemba ya mwaka gani, na hiyo ndiyo akili pekee tuliyowahi kuionyesha humo ndani. Hapo korona ilikuwa bado haijaja. Tangu siku hiyo limeshaitwa "Zenji Pasaka", likaitwa "Zenji Sabasaba", na kuna msimu liligeuka kundi la michango ya harusi. Tukachanga, harusi ikafungwa, ndoa ikavunjika, sisi bado tupo Mbagala.

Mwaka huu jamaa wameapa. Tena si ile ya kuvuka Unguja asubuhi na kurudi jioni kama watu wa semina. Mwalimu katuchorea mzunguko mzima: boti toka Dar mpaka Unguja, mwendo wa kama saa mbili. Tunakaa pale, tunakula urojo, tunakula pweza wa Forodhani. Halafu meli mpaka Pemba, maana Mpemba wetu kagoma kutoa hata senti kama hatufiki kwao. Kutoka Pemba tunavuka kwenda Tanga, na Tanga tunapanda Noah ya Mangi, tunashuka nayo taratibu, Muheza tunanunua machungwa, njiani tunachimba dawa pale tunapotaka sisi na si pale anapotaka kondakta. Kwenda baharini, kurudi barabarani. Vidole gumba vikamiminika.

Mimi ni mweka hazina. Sikugombea, niliamka nikakuta nimeteuliwa. Sasa ndugu zangu, kama hujawahi kukusanya hela za watu wazima, usiseme unawajua. Mtu anaandika "natuma sasa hivi", halafu anapotea mpaka sikukuu. Mwingine anatuma elfu hamsini kavu, bila ya kutolea. Ukimkumbusha anakuuliza, "Kwani wewe unatoa ya nini? Si ikae humo humo?" Mangi alinitumia picha ya muamala, nikafurahi, kuja kuikuza naona ni muamala wa luku.

Nikaomba namba za vitambulisho nijue majina kamili ya kukatia tiketi. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Mpemba kanitumia 19, nikamwambia imepungua, akanijibu, "Weka yoyote hapo mwisho."

Mwalimu yeye hela hatoi, anatoa elimu. Kila usiku sauti ya dakika saba. Kwamba Mji Mkongwe uliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000. Kwamba kobe wa kisiwa cha Changuu waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Nikamwambia Mwalimu, hao kobe wamefika Zanzibar na mchango wako haujafika Mbagala. Akatuma kicheko, na mchango hakutuma.

Tarehe ndiyo ilitaka kuleta ngumi. Mpemba ndiye mtaalamu wetu wa bahari, ingawa riziki yake ni makava ya simu Kariakoo. Anasema katikati ya mwaka upepo wa kusi unavuma, na ule mkondo wa Nungwi wa kwendea Pemba unachafuka, mtu anatapika mpaka alichokula jana. Twende Novemba, kusi imekwisha na kaskazi haijashika. Mwalimu akasema Novemba anasimamia mitihani ya kidato cha nne. Disemba Mangi anakwenda Moshi, na Mchaga Disemba hazuiliki hata kwa hati ya mahakama. Januari ada. Kisha Ramadhani, kisha masika. Mwaka una miezi kumi na miwili na yote ilikuwa imeshachukuliwa. Tukaokota Oktoba, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuiwekea udhuru.

Nikadhani kazi imeisha. Saa nne usiku, nimeshaanza kusinzia, mke wa Mangi, shemeji yetu, akaandika: "Samahani jamani, hiyo Noah itafikaje Tanga?"

Kundi likanyamaza. Watu ambao huwa wanajibu mpaka matangazo ya dawa ya nguvu za kiume wakanyamaza.

Mangi akasema kuna meli zinabeba magari. Zipo kweli. Nikaulizia nauli ya gari, nikaongeza mizunguko ya bandarini, nikaona Noah itakuwa abiria ghali kuliko sisi wote, na pweza yenyewe haili. Mpemba akashauri tukifika Tanga tupande basi. Lilikuwa wazo la busara, kwa hiyo halikujadiliwa.

Basi, mtu aitangulize Tanga. Nani ana leseni iliyo hai? Mangi ana gari, leseni yake ilishakufa, anaendesha kwa uzoefu na kwa kupita vichochoroni. Mwalimu anaendesha bodaboda. Mpemba anaendesha mdomo. Kura ikapigwa nikiwa kazini, simu iko kwenye chaji, na mimi nikashinda kwa kishindo.

Kwa hiyo likizo yangu ya baharini iko hivi. Wenzangu wakipanda boti, mimi nashika barabara ya Morogoro. Kibaha foleni. Chalinze nakunja kulia, Wami, Mkata, Segera nakunja kulia tena, Muheza, Tanga. Kilomita kama 350, mwendo wa hamsini kila penye vibanda viwili, na chini ya mwembe kuna trafiki na tochi yake. Bahari nitaiona Tanga, nimesimama bandarini na ufunguo mkononi, nasubiri watu wateremke na vikapu vya karafuu. Mangi ananifariji nipite Bagamoyo nitokee Msata, eti huko nitaiona kidogo.

Nikaomba basi angalau nipunguziwe mchango, maana boti sipandi. Wakaniambia nisivunje umoja.

Kumbe bado. Mpemba kaona gari linakwenda tupu, kaleta maboksi mawili ya binamu yake wa Tanga. Mwalimu ana godoro la mdogo wake Mkata, "unaliangusha tu pale stendi". Na Shemeji, Mungu ampe maisha marefu, mama yake yuko hapa Dar kwa matibabu, anarudi Muheza. Mabasi hayawezi, yanamtapisha.

Jana mama mwenyewe kanipigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye dereva?"

Nikataka kumweleza kwamba mimi ni mweka hazina. Nikasema, "Ndiyo mama."

"Uje unichukue saa kumi alfajiri. Nina kuku watatu na mfuko wa mchele. AC sitaki, inaniumiza kifua. Na madirisha uyafunge, upepo unanitapisha."