"Hakuna atendaye mema": Zaburi 14 inamsema nani?

Anayetaka kuthibitisha kwamba wanadamu wote ni wenye dhambi hukimbilia Zaburi 14: "Hakuna atendaye mema, la, hata mmoja." Mstari wa 2 unamuunga mkono, kwani wanaochunguliwa toka mbinguni ni "wana wa Adamu" kwa Kiebrania, si taifa moja.

Tatizo linaanza akiendelea kusoma. Mstari wa 4 unawataja waovu wanaowala "watu wangu" kama mkate, na wa 5 unataja kizazi cha wenye haki. Ikiwa wote wameoza, hao wametoka wapi? Wanaosema shairi hili linawalenga wadhalimu tu wana hoja nzito. Hata "mpumbavu" wa mstari wa 1, *nabal*, hakupungukiwa akili. Neno ni lile lile la jina la Nabali wa 1 Samweli 25, tajiri aliyewanyima chakula watu wa Daudi. Tena katika Zaburi 26 mwimbaji anautaja unyofu wake mwenyewe bila haya.

Paulo naye? Warumi 3:10–18 inaunganisha vipande vya Zaburi 14, 5, 140, 10 na 36, pamoja na Isaya 59. Mashairi hayo ya Zaburi yanamlalamikia mtu mwingine, adui au mwovu. Isaya 59 ndiyo inayowashutumu Israeli wenyewe, na kwenye Warumi 3:19 Paulo anafuata mkondo huo: maneno ya torati yanawahusu walio chini yake. Hajapotosha, ila amekwenda mbali kuliko Zaburi 14 ikisomwa peke yake.

Kwa maoni yangu, hoja ya dhambi ya wote inasimama vizuri zaidi kwenye Zaburi 143:2. Mwombaji anaandamwa na adui, lakini hadai haki yake. Anasihi asihukumiwe, maana hakuna aliye hai mwenye haki mbele za Mungu. Katika Zaburi 51:10 mwimbaji haombi kurekebishwa, anaomba kuumbiwa moyo, na kitenzi hicho, *bara*, katika umbo lake hilo Biblia humpa Mungu peke yake kuwa mtendaji.

Jihadhari na Ayubu 25:4. Hunukuliwa sana, ila msemaji ni Bildadi, mmoja wa rafiki za Ayubu, na katika 42:7 Mungu anawakasirikia yeye na wenzake kwa waliyoyasema. Swali lake, mtu awezaje kuwa na haki mbele za Mungu, linafanana na la Zaburi 130:3, "nani angesimama?", lakini mstari wa 4 wa zaburi hiyo unajibu kwamba kwa Mungu kuna msamaha. Bildadi anamalizia kwa kumwita mwanadamu funza.