Majani Yangu, Maembe Yake

Nimeamshwa na embe. Sina ugomvi na embe kama embe. Bolibo likiiva vizuri naweza kulila nimesimama, maji yakanitiririka mpaka kiwikoni, nisione aibu. Lakini hili lilikuwa dodo bichi, gumu, limeangushwa na popo saa tisa usiku kutoka kwenye mwembe wa jirani mpaka juu ya bati langu. Na bati langu ni geji 30, lile jembamba, mnalijua hilo. Paa! Likaviringika kufuata mteremko, krrrr, likasita kwenye gata, nikasema alhamdulillah, ndipo likadondokea kwenye karai la kukingia maji. Mtoto akaanza kulia. Mbwa wa mtaa wa pili wakapokea. Mama watoto akageukia ukutani, akasema kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kulala, "Baba mwenye nyumba, kaongee na mwenzio."

Mwenzangu! Tangu lini yule akawa mwenzangu?

Vuli ndiyo hiyo imeshaingia. Oktoba ilipita kavukavu, tukadhani mwaka huu tutasalimika, Novemba ikamwaga yote kwa mpigo. Bondeni Jangwani pamejaa maji, kwa hiyo kutoka huku kwetu Mabibo kwenda Kariakoo unaaga kwanza. Jongoo ndani ya kiatu. Tandu bafuni. Mkaa umelowa. Sare ya shule imegoma kukauka, mtoto anaivaa na umajimaji wake inamkaukia darasani. Yote haya nayavumilia, ni kazi ya Mungu. Lile la mwembe ni la binadamu.

Shina liko kwake. Hapo sina ubishi, marehemu baba yake ndiye aliyeupanda. Ila tawi moja, tena nono kuliko yote, limevuka ukuta likahamia kwangu bila kulipa kodi. Na sheria za jirani yangu ni hizi: likianguka jani, ni la Mungu. Likianguka embe, ni lake. Popo ni wangu. Kunguru akijenga kiota, wangu pia. Kivuli sasa, hicho ni chake, na kila tukikutana ananikumbusha kwamba nakifaidi bure.

Asubuhi nikavaa. Nisisitize hapo, nilivaa: suruali ya kitambaa, shati la kwendea harusini na baraghashia, maana ukienda kudai haki na bukta hakuna atakayekusikiliza. Nikabeba ushahidi. Gunia la majani niliyoyazoa kwenye gata mkono wa kushoto, sahani ya maembe ya usiku mkono wa kulia. Nikapiga hodi.

"Karibu! Oo, jirani! Umeniletea maembe yangu." Akapokea sahani, akaiingiza ndani. Mnaona? Salamu hatujamaliza, nusu ya ushahidi imeshakwenda.

"Jirani, nimekuja kwa heshima."

"Na hilo gunia?"

"Majani yako."

"Yangu?" Akachungulia ndani ya gunia kwa huruma. "Haya makavu? Jani likishakauka, jirani, halina mwenyewe."

"Na embe likishaanguka?"

"Embe lina kokwa."

Nikabaki nimesimama na gunia langu. Embe lina kokwa. Mpaka saa hii natafuta jibu.

Nikamwambia basi tukate tawi. Akashika kifua. Mti wenye matunda haukatwi, jirani, tusubiri msimu upite. Nikamkumbusha kwamba msimu ukipita huwa anasema mwembe umechoka, uachwe upumzike, na Julai ukitoa maua anasema tusiushtue, utapukutisha. Akasema, "Sasa si unaona mwenyewe jinsi jambo hili lilivyo gumu?"

Akaitwa mjumbe wa mtaa atuamue. Mjumbe alikuja taratibu, akaomba kiti, akaketi, akautazama mwembe kwa muda mrefu kama mtu anayesoma mkataba.

"Tawi ni lipi?"

"Lile pale, mjumbe."

"Limezaa sana."

"Ndilo tatizo lenyewe, mjumbe."

"Dodo?"

"Dodo," jirani akajibu kwa fahari, utadhani mimi nilishtaki sifa zake.

Mjumbe akasema hawezi kuamua jambo asilolijua kwa undani. Aletewe kisu. Kikaja kisu, ikaja chumvi, ikaja pilipili, ikarudi ile sahani yangu. Akamenya ushahidi, akaukata vipande, akachovya. Jirani naye akachovya. Nami nikakabidhiwa kipande nikala. Ningefanyaje? Kukataa mbele ya mjumbe ningeonekana nina chuki, na pilipili yenyewe ilikuwa imesagwa na limao, si ya kuachwa. Tukala shauri lote mpaka sahani ikawa nyeupe. Kokwa zikatupwa kwa nyuma, juu ya ukuta. Upande upi? Upande wangu!

Mjumbe akajifuta mdomo, akatoa hukumu. Majirani ni ndugu. Mvua ni neema. Na kama hatukuridhika twende baraza la kata, "ila mjue, tangu 2021 na lenyewe halihukumu tena kesi za ardhi, linapatanisha tu." Kwa hiyo nitoke hapa nilipopatanishwa na mtu mmoja, nikapatanishwe na watu wengi zaidi. Nikauliza kwa unyenyekevu, hivi mwembe nao ni ardhi? Mjumbe akasema umeota kwenye ardhi. Jirani akasema lakini tawi liko hewani. Wakacheka wakapeana tano.

Mimi sikucheka. Jamani, mimi natafuta usingizi! Silingibodi ya chumbani ina doa lililoanza umbo la Pemba, sasa limefika Madagaska, na kitanda tumekisogeza mpaka kimezuia mlango wa kabati, kwa hiyo nguo za watoto tunazitoa kwa kuingiza mkono bila kuona, unapata soksi unarudisha unajaribu tena. Nimeita fundi. Kapanda, kakanyaga bati katikati badala ya kwenye misumari, kaziba tobo kwa lami, kafungua mengine kwa miguu yake, kashuka, kaniambia tatizo ni majani kwenye gata. Najua! Nilimwita nikiwa najua! Hela akachukua. Na hayo maembe yakishaiva, watoto wa jirani wanakuja na upembo wanasimama juu ya ukuta wangu, mmoja anashukia kabisa kwenye bati, wananiamkia vizuri mno, "Shikamoo baba," na wewe uliyelelewa unaitikia marahaba huku paa lako linapondwa.

Kunguru nao. Hawa waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wale takataka za mji, kazi nzuri, nawapongeza. Aliyewaambia sabuni yangu ya kuogea ni takataka ni nani?

Juzi mvua ilipokatika jioni wakatoka kumbikumbi. Umeme ulikuwepo, bahati mbaya, maana siku ukikatika hawaji. Wakaizunguka taa ya barazani, wakaingia kwenye chai, wakaingia kwenye shingo ya shati. Asubuhi wamekwenda wenyewe wameniachia mabawa, na mabawa nayo yakilowa hayafagiliki, yanaganda sakafuni unayakwangua na kandambili. Shemeji yangu wa Bukoba akapiga simu saa hiyohiyo kutuambia senene wameingia, wanakaanga, mtaa mzima unanukia. Mvua msimu mmoja, wenzetu inawaletea kitoweo, sisi inatuletea mabawa. Nikamwuliza atatutumia lini. Akasema mtandao unasumbua, anasikia kwa kukatikakatika.

Na yupo yule wa nyumba ya kona, simtaji, anayesubiri mvua ikolee usiku ndipo atapishe choo. Sisi hatujui? Maji ya mvua hayana harufu ile. Asubuhi anapita na buti zake za mpira ndefu, sisi tuna kandambili, anatusalimia mmoja mmoja na kutuuliza tumeamkaje. Nilikusudia kumsema kwenye kikao cha mtaa Jumapili, nikaandika na karatasi kabisa. Kikao kimeahirishwa kwa sababu ya mvua. Mchango wa kukodi viti walishakusanya Alhamisi, nikaulizia changu kirudi, nikaambiwa viti vimelowa.