Sanamu si Chungu, Acheni Tupake Rangi

"Sanamu nzuri, lakini mbona umeipaka rangi?" Swali hili huulizwa kwenye maonyesho, na muulizaji mara nyingi ni mfinyanzi mwenzangu. Kwa maoni yake, rangi ni njia ya mkato; fundi aliyekamilika angeipaka glezi na kuirudisha tanurini. Mimi sikubaliani naye hata kidogo.

Glezi ni unga wa madini uliokorogwa na maji. Ukipata moto wa kutosha unayeyuka na kuwa kioo kilichoshikana na udongo. Kwenye kikombe ni muhimu, maana bila hiyo chai inanyonywa na udongo na uchafu unajificha kwenye vitundu. Lakini sanamu ya kichwa cha bibi kilichowekwa juu ya kabati hakimiminiwi chai. Tunakidai sifa za chombo kwa sababu tu kimetoka tanuri moja na vyombo.

Tena glezi inaharibu. Kwenye kichwa, kazi inayokula muda ni kope na pembe za mdomo: unachonga kwa kijiti, unalainisha kwa ncha ya kidole chenye unyevu, unachonga tena. Glezi ikiwa nzito, ikiyeyuka inakimbilia kwenye mifereji hiyo hiyo, na kope lililokuwa na ukingo mkali linatoka limevimba kama la mtu aliyeumwa na nyuki. Halafu kuna mng'ao. Taa ya ukumbini inatua shavuni, na mtazamaji anaiona taa badala ya shavu. Rangi isiyong'aa, ikipakwa nyembamba, inaacha kila mkwaruzo mahali pake.

Wanaoiita rangi njia ya mkato wawaangalie askari wa udongo wa mfalme Qin Shi Huang, walioanza kufukuliwa karibu na Xi'an, China, mwaka 1974. Leo wengi wao ni rangi ya vumbi, lakini walizikwa na nyekundu, kijani, waridi usoni, hata zambarau ya kutengenezwa yenye shaba na bariamu. Rangi hizo zilipakwa baada ya kuchoma, juu ya laki, yaani vanishi ya utomvu wa mti. Tatizo lilianzia kwenye laki: ikitolewa kwenye udongo wenye unyevu na kupigwa na hewa kavu, inajikunja na kubanduka ndani ya dakika chache, na rangi inaondoka nayo.

Kwa hiyo anayetaka kupaka ashughulikie tabaka la chini kwanza. Udongo uliochomwa bila glezi unanyonya. Ukiupaka akriliki (rangi ya plastiki inayozimuliwa kwa maji) ikiwa nzito moja kwa moja, unavuta maji yake kwa pupa na kukuachia mabaka. Ondoa vumbi, hakikisha sanamu imekauka hadi ndani, piga mkono wa kwanza ukiwa umezimuliwa sana, kisha endelea taratibu. Mmarekani Ken Price, aliyefariki 2012, alipaka akriliki tabaka juu ya tabaka kwenye sanamu zake zilizochomwa, kisha akazisugua kwa msasa hadi rangi za chini zikachungulia kwa madoa. Athari ya namna hiyo, na kwa udhibiti ule, huipati kwa glezi. Hiyo nayo tuiite njia ya mkato?

Na si lazima iwe rangi. Mfinyanzi Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, hutumia uji mwembamba wa udongo, husugua hadi uso ung'ae, kisha moto ndio unaoamua: penye hewa ya kutosha kazi inatoka ya chungwa, ikinyimwa hewa na kujaa moshi inatoka nyeusi. Buganda, wafinyanzi wa kasri walisugua vyombo vya Kabaka kwa grafaiti, madini meusi kama ya penseli, hadi vikameremeta kama chuma. Nyumbani mimi hutumia nta ya nyuki, na dawa ya viatu ya kahawia pale ninapotaka mikunjo ya ngozi ionekane. Paka, subiri kidogo, futa kwa kitambaa cha pamba. Inabaki kwenye mifereji tu.

Kwa sanamu ya kukaa bustanini nawaunga mkono watu wa glezi. Mvua inapenya kwa chini, jua linawaka, unyevu unatafuta pa kutokea, na rangi ya mafuta uliyoinunua dukani kwa mbwembwe inabanduka magamba. Pia simtetei anayeziba ufa kwa gundi na kuufunika kwa rangi bila kumwambia mnunuzi. Kibandiko kiseme wazi: udongo uliochomwa, akriliki, nta. Mteja akijua hivyo, hataiosha kwa brashi ya sufuria, na akitaka bei ishuke kwa sababu haikurudi tanurini, mwonyesheni zile kope.