Pilau, Mteremko na Mama Mkwe

Mume gani anaficha tiketi ya spidi wakati shahidi alikuwa kiti cha mbele? Mimi hapa.

Tulikuwa tunatoka Columbus, Ohio, kwenda harusini Charlotte. Mke wangu alitangulia kwa ndege kumpamba bibi harusi. Mimi nikaachiwa gari, sufuria la pilau na mama mkwe. Sufuria alilipakata mwenyewe, hakuuamini mkanda. West Virginia tuliipita salama, tukaingia Virginia kwa Interstate 77. Pale Fancy Gap barabara inaporomoka kutoka milima ya Blue Ridge kama imeitwa chini na baba yake. Mama akasema, "Mwanangu, pilau inapoa." Basi, mguu nikausahau.

Taa za bluu.

Afande, kijana mpole tu, akasema nilikuwa maili 81 penye 65. Yaani kilomita 130 kwa saa, na sufuria juu. Akaniambia nishukuru sikugusa 85, maana Virginia ukizidisha maili 20 hiyo ni jinai, na jela yake inaweza kufika miezi 12. Bado nameza mate, mama akaninong'oneza: "Si umpe sahani moja? Mtoto wa watu yuko juani." Mama! Huku kitu kidogo kina jela yake peke yake! Afande akauliza bibi anasemaje. Nikamjibu, anakusalimu. Akagusa kofia.

Faini ilikuwa dola 6 kwa kila maili iliyozidi, bado gharama za mahakama. Nililipa kwa simu nimejifungia chooni, bomba nimelifungulia. Rafiki yangu wa New York alikuwa ameniapia kwamba tiketi ya jimbo la watu haikufuati nyumbani. Kwake ni kweli, New York haihesabu pointi, yaani alama za makosa ya udereva, za majimbo mengine. Ila leseni yangu mimi ni ya Ohio! Ohio na Virginia zimo kwenye mkataba wa kupashana habari za madereva, na zinapashana kuliko majirani wa uswahilini. Kulipa kwangu kulihesabiwa kukiri kosa. Ohio ikanibandika pointi 2. Zikifika 12 ndani ya miaka 2, leseni inasimamishwa.

Mama alikubali kunitunzia siri, kwa bei yake: kila Jumamosi nimpeleke duka la Wasomali akanunue mbuzi, kisha kwa shoga yake, nimsubiri garini.

Bima yetu tunaihuisha kila miezi 6, na hapo ndipo kampuni ilipoichungulia rekodi yangu. Barua ikaja kwa majina yetu wote wawili. Mke akaifungua mezani: dola 118 zaidi, na kosa lenyewe wanalikumbuka miaka 3. Nikaanza kueleza habari za mfumuko wa bei.

"Si ile ya mlimani?" akauliza mke wangu.

Nikamgeukia mama. Anachovya andazi.

"Mimi sikusema neno," akasema. "Nilirekodi tu."

Kumbe palepale kando ya barabara alikuwa ametuma sauti kwenye kundi la familia, Tanga mpaka Muscat. Nasikika vizuri kabisa: anakusalimu.

"Jumamosi tutoke saa nne," akasema mama. "Mbuzi huwahi kuisha."