Gundi Haijui Shikamoo

Leo tena, kabla sijanywa hata chai: "Yaani unakaa Mafinga halafu nguo zako ziko kwenye mabegi?" Aliyeuliza ameshuka kwenye basi jana. Ameona mbao zimepangwa pembeni mwa barabara, akaamua kwamba huku kabati zinaota zenyewe kama uyoga. Sikumjibu. Mtu mzima hajibizani na mgeni mlangoni. Basi nitajibu hapa.

Ndiyo, tuko Mafinga. Ndiyo, msitu wa misindano wa Sao Hill ni huo hapo. Na mbao kavu, iliyonyooka, isiyo na vifundo, tunaiona kila siku: iko juu ya lori, imefungwa turubai, inaelekea Dar es Salaam. Ya kwetu wenyeji ni ile iliyopasuliwa juzi. Muuzaji anaipiga kofi kama anasifu ng'ombe: "Kavu hii, kiongozi!" Kavu gani? Msindano mbichi unaweza kubeba maji yenye uzito kuliko mti wenyewe ukishakauka. Igonge kwa kidole. Kavu inalia ko! Hiyo yake inasema du, kama mtu aliyeshiba ugali akasinzia.

Na ukimuuliza ana nyingine, anakuletea zile za kijani. Mzee, hizo ni za dawa, ni za kenchi! Unataka mashati yangu yakae na dawa ya mchwa?

Haya, umenunua mbichi. Unazipanga kivulini, juu ya matofali, vijiti vya inchi moja katikati, kila baada ya futi mbili. Vijiti vyenyewe vinyooke kimoja juu ya kingine, la sivyo mbao zinajifunza kupinda zikiwa bado changa. Ncha unazipaka rangi ya mafuta iliyobaki, maana maji hukimbilia ncha kwanza, na ncha ikikauka kabla ya katikati inapasuka. Halafu unakata kipande, unakipima kwenye mzani wa jikoni kila wiki, unaandika. Uzito ukiacha kushuka, hapo ndipo unanoa randa. Hilo ni suala la miezi. Na kwa miezi yote hiyo mwenye jiko anauliza mzani wake uko wapi, na kwa nini unanuka utomvu.

Vipimo. Nyumba zetu hizi, aliyejenga ukuta alikuwa na timazi, sijui alikuwa anavulia samaki. Pale kabati linapotakiwa kuingia, chini pana sentimita 122.4, katikati 121, juu 123. Ukipima sehemu moja umekwisha. Unachukua ndogo, unatoa moja ya kupumulia: 120. Inafaa, kwa sababu plaiwudi ya mgongoni ni futi 8 kwa 4, yaani 244 kwa 122, huhitaji kuunga.

Kisha anatokea mtu anataka lifike darini. Dari liko 240, anataka kabati la 235 kwenda juu na 60 kwenda ndani, eti limebakiza tano. Umelitengeneza limelala, sasa linyanyue. Kona hadi kona hilo lina 242 na nusu! Litakwama limeinama hivyo hivyo, mtalala nalo kama mgeni mlevi. Mimi 180 zinanitosha. Juu nitaweka mabegi, tumerudi kulekule.

Sasa tuje kwenye gundi.

Ubavu wa kabati wenye kina cha sentimita 55 haupatikani kwenye ubao mmoja. Unachukua mbao ya inchi moja kwa nane, ambayo ukishainyoosha kingo inabaki 18 na nusu. Tatu zikiungana ni 55 na nusu. Akiba yako yote duniani ni milimita tano. Mbao ya futi 12 ina sentimita 366, inatoa vipande viwili vya 180, zinabaki sita, na hizo sita ndizo zenye nyufa. Kwa hiyo bavu mbili ni mbao tatu, na ya nne ni ya machozi.

Na gundi yenyewe nyeupe haipendi baridi. Chini ya nyuzi kumi hivi inakauka ikiwa kama chaki; ukivuta, vipande vinaachana bila hata kugombana. Sasa Julai hapa asubuhi mdomo unatoa moshi. Kwa hiyo chupa inalala ndani na watu, na kazi inasubiri saa saba mchana, jua likiwa limetoka na ubao umepata uvuguvugu. Una dirisha dogo tu. Ukishapaka, una kama dakika kumi kabla haijaanza kutengeneza ngozi.

Umepanga bila gundi kwanza, umehakikisha. Pete za mti, ubao mmoja zinatazama juu, unaofuata chini, ili ukipinda huu, ule uukatalie. Umetandika nailoni. Vibano vyako ni mbao za inchi mbili kwa mbili na kabari, vitano, vitatu chini na viwili juu, vikaze kwa kupokezana, ubavu usibinuke kama mkeka. Unapaka kingo za kwanza, za pili...

"Kamwene!"

Mzee wa jirani, na salamu yake ya huku kwetu. Huyu haji ukiwa unapiga msasa. Haji ukiwa umekaa unaangalia mawingu. Ana kipimo chake cha ndani: gundi ikigusa mbao, fimbo inagusa lango.

"Kamwene, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Mmeamkaje?"

Saa saba na dakika nne, tumeamkaje. Anatoa mkono. Wako umejaa gundi, unampa kifundo cha mkono, kama desturi. Anakishika kwa mikono miwili na kukitikisa, na ubao wa tatu unateleza taratibu kuelekea kwenye vumbi. Dakika ya tatu.

"Watoto?" Wazima. "Mama yao?" Mzima. "Na yule wa Makambako?" Mzima, baba. "Lakini si alikuwa anaumwa?" Alipona. "Alipona lini?" Hapo ndipo unagundua ukijibu kwa kifupi unaonekana una kiburi, na ukijibu kwa kirefu umepoteza kabati. Dakika ya sita. Anahamia kwenye vinyungu, vile vishamba vya bondeni, mahindi mabichi yamepigwa na baridi. Anahamia kwenye ulanzi, pombe ya mianzi, kwamba wa mwaka huu haukukaa. Unasema ndiyo, ndiyo, huku jicho liko kwenye gundi, na gundi inaanza kung'aa vibaya.

Dakika ya nane anatafuta pa kukaa. Anakaa juu ya boksi la kabari.

Utamwambiaje? "Baba, inuka"? Mzee amesimama na fimbo tangu kwake, ndiyo kwanza amekaa, umwinue kwa ajili ya vipande vya mti? Unapiga magoti, unaingiza mkono chini yake kwa adabu, unatoa kabari moja. Anasogea kidogo. Unatoa ya pili. Dakika ya kumi na mbili unapiga nyundo, na maungio hayafungi. Gundi imeshaota ngozi, mstari umebaki wazi unaopitisha mwanga. Naye anainamisha kichwa, anafumba jicho moja, anachungulia.

"Mbona hapa umeacha nafasi?"

Nimeacha! Mimi!

"Sisi zamani tulikuwa tunapiga msumari tu."

Usilazimishe. Gundi mbichi haishiki vizuri juu ya gundi iliyokauka, hata ukaze kwa jeki ya lori. Unavunja, unakwangua, unapiga randa upya. Kila ukingo unakula milimita mbili. Kingo zinazokutana ni nne, hivyo zimekwenda nane. Ulikuwa na akiba ya milimita tano, sasa una deni la milimita tatu. Hizo ni salamu tu, hatujafika hata kwenye rambirambi.

Yanayobaki ni ya kawaida. Umeme unakatika randa ikiwa katikati ya ubao, inaacha ngazi. Kabla ya kupigilia mgongo unapima kona kwa kona: kwa 180 na 120 zote mbili zisome 216.3, moja ikizidi, unaisukuma hiyo mpaka zilingane, maana plaiwudi ikishapigwa, kombo lako limepewa hati miliki. Skrubu ya milimita 4 toboa kwanza kwa keekee ya 2.5, uipake sabuni, vinginevyo msindano unapasuka ukingoni. Bawaba tatu kila mlango.

Milango yenyewe iwe ya fremu, na panel, ule ubao wa katikati, ikae kwenye mfereji wa milimita kumi, pungufu milimita tatu kila upande, bila gundi. Bila! Mbao hutanuka kwa upana mvua za Januari, ikanywea kiangazi, kwa urefu karibu haijali. Wapo wanaojaza gundi pande zote ili "iwe imara". Usiku wa Agosti wanasikia pwaa! Mtu anashika panga anazunguka nyumba kutafuta mwizi, kumbe mlango umepasuka toka juu mpaka chini.

Msasa wa 80, wa 120, wa 180, kufuata nyuzi. Palipomwagika gundi pafute kwa kitambaa chenye maji siku hiyohiyo, maana rangi haipaingii, na doa unalioona baada ya vanishi halikusamehe. Vanishi unapaka ukishanyunyiza maji sakafuni, vumbi litulie. Kuku apite baadaye. Atapita.

Halafu kuna hawa wa maranda. Kabati halijapata hata mlango, lakini maranda yana foleni. Mtoto kasimama hapo sasa hivi na kiroba kikubwa kuliko yeye: "Shikamoo, mama kasema kama kuna ya vifaranga." Marahaba. Yapo. Chukua yale ya kwenye kona, makavu. Hayo ya karibu na mlango acha, ni ya zile mbao za kijani za jirani, yana dawa, vifaranga vitakufa. Sio hayo! Hayo mengine! Na mwambie mama kiroba cha juzi hajarudisha.