Stata moja, taa mbili

Jamani wiki ya pili hii sebule yangu imegeuka disko. Ukiwasha, tyubu inapepesa kama jicho la mlevi, pap pap pap, inataka kuwaka inaghairi, watoto wa jirani wakiona dirishani wanakuja kucheza. Nikaita fundi, kaja na testa sikioni, kaangalia juu hajapanda hata stuli, "bosi choki imekufa hiyo, elfu ishirini na tano." We kijana choki, lile koili linalozuia umeme usizidi kwenye tyubu, unaipima kwa macho?

Nikapanda mwenyewe. Ncha za tyubu hazijawa nyeusi, kwa hiyo tyubu nzima, nikaenda chooni nikachomoa stata ya kule, kile kikopo kidogo cha kuamshia tyubu (mwenye nyumba kaweka tyubu ya wati 36 mpaka chooni utadhani ukumbi wa harusi), unaizungusha kidogo tu inatoka, nikaipachika sebuleni. Pwaa! Mwanga mpaka mama watoto akaona vumbi la mwaka jana. Ile mbovu nikaipeleka chooni, na disko nalo likahamia chooni. Choki my foot, na fundi bado anadai nauli!

Haya dukani sasa. Muuzaji ananipa stata imeandikwa 4-22W, namwambia kaka tyubu zangu za wati 36, nataka ya 4-65W, ananijibu "stata ni stata mzee." Ya kwangu hana mpaka mzigo uje.

Ila stata bwana, mule ndani kuna kichupa cha gesi na kijibati kinachopinda kikipata moto, kazi yake kuamsha tyubu tu, ikishawaka hata ukiichomoa taa haina habari. Basi tukapanga utaratibu: unawasha sebuleni, unachomoa stata, unaenda nayo chooni, ukitoka unairudisha juu ya friji. Stata moja taa mbili, hata mtoto wa darasa la pili keshazoea.

Sasa jana kaja baba mkwe. Kaomba chooni, nikatangulia nikamuwekea stata, kaingia, kafunga. Hajamaliza dakika mbili umeme ukakatika ukarudi hapohapo. Chooni pakawaka, sebuleni giza totoro, wageni wameshika sahani za pilau hewani. Mke wangu ananifinya, "nenda kagonge." Nikagonge niseme nini? Nikaenda.

"Baba shikamoo, samahani, tulikuwa tunaomba stata."

Kimya. Halafu ndani huko: "Marahaba. Bado."